TAA KUWAKA SI DALILI YA USALAMA
Hatari ya nyaya za stima zinazotiwa nyumbani bila kufuata kanuni

Siku hizi mtu akisimama juu ya kilima wakati wa usiku katika sehemu nyingi za Kenya, huona taa za stima zikimetameta mahali ambapo babu zake waliona giza tupu. Makampuni ya kwanza ya kuuza nguvu za umeme yaliundwa Mombasa na Nairobi mwaka 1908, nayo yakaunganishwa mwaka 1922. Kwa miaka mingi stima ilikuwa kitu cha mijini na cha wenye mali. Mpango wa serikali wa kupeleka stima mashambani ulianza mwaka 1973, na mwaka 2015 ukaanza mpango mwingine wa kuwaunganishia watu wanaokaa katika umbali wa mita 600 kutoka kwenye transfoma.

Hayo ni maendeleo makubwa, na hakuna mtu apendaye kurudi kwenye koroboi na moshi wake. Lakini umeme una tabia moja ambayo moto wa kuni hauna. Moto wa kuni ukikaribia nyasi za paa, kila mtu huuona na kupiga kelele. Waya wenye hitilafu huweza kukaa ndani ya ukuta mwaka mzima bila mtu kujua, na taa zikawaka vizuri kila jioni.

Ndiyo sababu watu wengi hudanganyika. Fundi huja, huvuta nyaya, hubonyeza swichi, na taa huwaka. Mwenye nyumba hufurahi, hulipa, na kusema kazi imekwisha. Yafaa kila mtu ajue ya kwamba taa kuwaka ni ushahidi wa jambo moja tu, nalo ni kuwa umeme umefika kwenye globu. Si ushahidi wa njia uliyopitia, wala wa njia utakayopitia siku ya hitilafu.

KAZI YA NYAYA TATU

Nyumba za Kenya hupata umeme wenye nguvu ya volti 240. Ili umeme ufanye kazi, hauna budi kwenda na kurudi, kama mjumbe atumwaye naye akarudi kwa aliyemtuma. Kwa hiyo kila soketi iliyotengenezwa kwa kanuni ina nyaya tatu. Wa kwanza ni waya wa moto, ambao huleta umeme. Wa pili ni waya wa kurudisha, ambao mafundi huuita nyutro. Wa tatu ni waya wa ardhi, au athi, ambao huunganishwa na fimbo ya chuma iliyozikwa udongoni karibu na nyumba.

Waya huu wa tatu ndio unaodharauliwa kuliko zote, kwa sababu siku zote za kawaida hauna kazi. Pasi itapata moto bila huo, na redio italia bila huo. Lakini waya wa ardhi ni kama mlinzi wa usiku. Usiku mwingi hapiti mwizi, wala hakuna mwenye duka anayemwachisha mlinzi kazi kwa sababu hiyo.

Mfano wake ni pasi ya chuma ambayo waya wake wa moto umechubuka kwa ndani na kugusa bati la pasi. Kama waya wa ardhi upo na umefungwa sawasawa, umeme mwingi hukimbilia ardhini mara moja, na wingi huo ndio unaoifanya fyuzi iyeyuke au swichi ya kujikata iruke. Pasi huzimika, na mama hujua kwamba imeharibika. Kama waya wa ardhi haupo, hakuna kitu kinachoruka. Bati la pasi hukaa na volti 240, likingoja mkono wa mtu.

FYUZI HUMLINDA NANI?

Watu wengi hudhani kwamba fyuzi ndiyo inayomlinda mtu asipigwe na stima. Hilo si kweli. Fyuzi huulinda waya usipate joto la kupita kiasi na kuwasha nyumba.

Umeme unaopita katika waya hupimwa kwa amperi. Fyuzi ya plagi ya kawaida ni ya amperi 13. Kiasi kinachoweza kuuvuruga moyo wa mtu ni kidogo sana kuliko hicho. Mafundi huanza kuhesabu hatari ya kufa kwenye miliamperi 30, na miliamperi 1,000 ndizo zinazofanya amperi moja. Globu ya zamani ya wati 60 hutumia miliamperi 250, yaani zaidi ya mara nane ya kiasi hicho. Maana yake ni kwamba umeme wa taa moja tu watosha kumwua mtu mzima, na fyuzi ya amperi 13 haitatikisika.

Kipo kifaa kingine kilichofanywa hasa kwa ajili ya kulinda uhai. Hufungwa karibu na swichi kuu, na kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ikiwa miliamperi 30 zimepotea njiani, kwa sababu zinapita katika mwili wa mtu kwenda ardhini, kifaa hicho hukata stima kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kina kitufe kidogo cha kujaribia, nacho chafaa kubonyezwa mara kwa mara. Kisiporuka, kimekufa na lazima kibadilishwe. Hata hivyo kifaa hiki hakichukui mahali pa waya wa ardhi. Yafaa vyote viwili viwepo.

NJIA ZA MKATO NA MATOKEO YAKE

Nyaya za shaba ni ghali, na mwenye kujenga hutaka kupunguza gharama. Hapo ndipo zinapoingia njia za mkato. Kila moja huwasha taa vizuri, na kila moja ina mtego wake.

Njia ya kwanza ni kufunga kipande cha waya ndani ya soketi kati ya mahali pa nyutro na mahali pa ardhi, ili kuepuka kununua waya wa tatu. Fundi husema kwamba nyutro na ardhi ni kitu kimoja, kwa kuwa hukutana huko nje. Lakini nyutro ikilegea au ikikatika mahali popote, umeme ulioingia katika birika au jokofu hukosa njia ya kurudi, nao hupita kwenye kile kipande hadi kwenye bati la chombo. Chombo chenyewe hakina hitilafu yoyote, lakini ndicho kitakachomwua atakayekigusa.

Njia ya pili ni kutia swichi katika waya wa kurudisha badala ya waya wa moto. Swichi ikizimwa, taa huzimika kama kawaida, lakini pale juu penye globu moto bado upo. Mtu aliyezima taa kwa uangalifu ili abadilishe globu hupanda kwenye meza na kutia kidole mahali penye volti 240. Amefanya yote yaliyotakiwa, na bado amepigwa.

Njia ya tatu huonekana pale waya mmoja tu unapovutwa kutoka kwa jirani, na fimbo ya chuma inapopigwa ardhini ili udongo uchukue kazi ya kurudisha umeme. Watu wengine hutetea jambo hili kwa kusema kwamba nchi za nje hufanya hivyo. Ni kweli kwamba huko New Zealand na Australia umeme wa mashambani hupelekwa mbali kwa waya mmoja, na ardhi ikaurudisha. Lakini huko hutumika volti elfu nyingi zenye amperi chache, pamoja na transfoma maalum na fimbo zilizopimwa, wala njia hiyo haiingii ndani ya nyumba za watu. Hapa fimbo moja hupigwa kando ya ukuta. Ikiwa udongo wa pale unauzuia umeme kwa kiasi kile kile kinachozuiliwa na pasi, nusu ya volti 240, yaani volti 120, hubaki kwenye fimbo na katika udongo unaoizunguka. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, taa hufifia, na mwenye nyumba huambiwa amwagie fimbo maji. Mtoto aliye miguu mitupu akipita hapo juu ya tope huwa hatarini. Ng'ombe yuko hatarini zaidi, kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana.

Njia ya nne ni kuondoa fyuzi iliyoungua na kuweka msumari au waya mnene, ili isisumbue tena. Fyuzi huungua kwa sababu kuna jambo lisilo sawa. Mwenye kuweka msumari amemziba mdomo shahidi, na hitilafu iko pale pale. Sasa waya wa ukutani ndio utakaoyeyuka, na waya huo umepita katika mbao za dari.

Njia ya tano ni kutumia waya mwembamba kwa kazi nzito. Waya mwembamba wa taa, ambao unene wa shaba yake ni nusu ya milimita mraba, umewekewa mpaka wa amperi 3. Birika la stima la wati 2,000 huvuta zaidi ya amperi 8. Yapasa kukumbuka kwamba joto la waya haliongezeki sawa na umeme unaopita. Umeme ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Kwa hiyo birika hilo huutia waya wa taa joto la karibu mara nane ya kiasi ulichofanyiwa. Plastiki hulainika, hupasuka, na nyaya mbili hugusana. Kwa kawaida nyaya za taa za ukutani huwa za milimita mraba moja na nusu, na za soketi huwa za milimita mraba mbili na nusu. Jiko la stima huhitaji waya wake peke yake, mnene kuliko hizo.

Njia ya sita ni kuunga nyaya kwa kuzisokota kwa vidole na kuzifunga kwa karatasi ya plastiki. Kiungo kilicholegea huuzuia umeme. Kikizuia kwa kiasi cha omu moja tu, amperi 8 zikipita hapo zitatoa joto la wati 64. Hilo ni zaidi ya joto la globu ya zamani ya wati 60, tena limefichwa darini kati ya mbao na vumbi. Hata fyuzi nzuri haitaona kitu, kwa sababu amperi 8 ni chini ya 13. Hivi ndivyo nyumba huweza kushika moto usiku, hali kila swichi iko mahali pake.

RANGI ZA NYAYA

Jambo jingine la kutazamwa ni rangi. Kwa desturi ya zamani iliyotoka Uingereza, waya wa moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi, na waya wa ardhi kijani. Mwaka 2004 Uingereza ilianza kubadili rangi za nyaya za ndani ya nyumba. Kwa desturi mpya waya wa moto ni wa rangi ya kahawia, nyutro ni ya buluu, na waya wa ardhi una mistari ya kijani na manjano. Katika Kenya nyaya za desturi zote mbili hukutwa.

Hatari yake ni hii. Katika desturi ya zamani ya majengo makubwa, buluu ilikuwa mojawapo ya nyaya tatu za moto, na nyeusi ilikuwa nyutro. Katika desturi mpya, nyeusi ni mojawapo ya nyaya za moto, na buluu ni nyutro. Kwa hiyo mtu anayeongeza chumba katika nyumba ya zamani asiamini rangi kwa macho. Kila waya upimwe kwa chombo kabla ya kuguswa.

NYUMBA ZA MABATI NA VYUMBA VYA KUOGEA

Katika mitaa ya mabati hatari huwa kubwa zaidi. Waya hupitishwa katika tundu la bati, na upepo ukilitikisa bati, ukingo wake hukata plastiki kama kisu. Wakati mwingine msumari wa kutundikia nguo hupigwa juu ya waya. Tangu hapo ukuta wote umekuwa waya wa moto, pamoja na mlango wa chuma na kamba ya waya ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye paa. Wakati wa ukavu huenda mtu akasikia mtekenyo tu. Mvua ikinyesha, ardhi ikilowa na miguu ikiwa mitupu, mtekenyo huo hugeuka kifo.

Nyaya za sambaza, zinazovutwa kutoka nyumba hadi nyumba bila mita, huongeza hatari hiyo. Mwenye kuzivuta hakupima mzigo wake wala hakuweka ardhi, na zikianguka njiani hakuna swichi ya kuzikata. Ni kweli kwamba mpangaji mwenye kipato kidogo huona sambaza kuwa nafuu. Lakini moto ukitokea hauchagui nani aliyelipa na nani hakulipa, na mabanda yaliyobanana huungua yote pamoja.

Bafu nalo lahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ngozi iliyolowa huupitisha umeme kwa wepesi kuliko ngozi kavu. Shawa ya stima inayochemsha maji papo hapo huvuta umeme mwingi sana, nayo imefungwa juu ya kichwa cha mtu aliyesimama majini. Shawa hiyo haifai hata kidogo kufungwa bila waya wake mnene, swichi yake peke yake, na waya wa ardhi uliopimwa. Akisikia mtekenyo aguspo mfereji, mtu asizoee na kusema ndivyo ilivyo. Azime swichi kuu na kumwita fundi siku ile ile.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Mwenye nyumba asiye fundi aweza kujua mengi kwa kutazama tu. Soketi au plagi yenye moto ikishikwa, harufu ya plastiki inayoungua, alama nyeusi kwenye swichi, mlio wa kuchirizika ukutani, taa zinazofifia kila pasi inapowashwa, na fyuzi inayoungua mara kwa mara ni dalili za hitilafu. Soketi moja iliyobeba birika, pasi na jiko kwa pamoja ni hatari hata kama nyaya za ukutani ni nzuri.

Kazi ya kutengeneza isifanywe na mtu yeyote tu. Kwa Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kazi ya kutia nyaya za stima yatakiwa kufanywa na fundi mwenye leseni inayotolewa na EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli. Mwenye nyumba ana haki ya kutaka kuona leseni hiyo kabla ya kulipa hata senti moja. Kazi ikiisha, amwombe fundi hati ya kuonyesha kwamba nyaya zimepimwa. Amwulize pia maswali matatu. Fimbo ya ardhi iko wapi, na imepimwa? Swichi zote zinakata waya wa moto? Kifaa cha kulinda uhai kimefungwa, na kinaruka kikijaribiwa? Fundi mwema hatakasirika kwa maswali hayo.

MTU AKIPIGWA NA STIMA

Jambo la kwanza ni kutomgusa. Watu wengi hufa wawili wawili, kwa sababu wa pili alimshika wa kwanza kwa huruma. Swichi kuu izimwe, au plagi ing'olewe. Kama haiwezekani, mwokozi asimame juu ya ubao mkavu na kuusukuma waya kwa fimbo kavu ya mti, asitumie chuma wala kitu chenye maji. Hayo ni kwa nyaya za ndani ya nyumba tu. Waya mkubwa wa barabarani ukianguka, kila mtu akae mbali sana nao, naye mwokozi asiukaribie hata kwa fimbo mpaka kampuni ya stima iukate.

Aliyepigwa akiwa hapumui, msaada uitwe kwa nambari 999 au 112, na mtu mmoja aanze mara moja kukikandamiza kifua chake katikati kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Akizinduka na kusema kwamba hajambo, bado apelekwe hospitali, kwa sababu umeme huweza kuchoma ndani bila kuonyesha jeraha kubwa kwa nje. Na moto wa stima usimwagiwe maji kabla umeme haujakatwa.

Wazee husema ajali haina kinga. Lakini ajali nyingi za stima zinayo, na kinga hiyo hununuliwa dukani na kufungwa na fundi kwa siku moja. Ni waya wa tatu, fyuzi ya kiasi chake, kiungo kilichokazwa, na kifaa cha kulinda uhai. Mwenye nyumba ya kupangisha vyumba sita akijinyima vitu hivyo, faida aipatayo ni ndogo, na hasara itakayokuja huenda isiwe yake bali ya mtoto wa mpangaji. Kwa hiyo kila mwenye nyumba, na kila mpangaji, aanze kwa kutazama soketi zake leo kungali mchana, wala asingoje mpaka taa izimike ndipo aulize kulikuwa na nini ukutani.